Je, wajua mtu akigoma Marekani anapata pesa za kukosa kazi au hapati?

Hili swali lilizuka kwetu Malindi juzi, dadangu alipotoa slipu yake ya mshahara akaiweka mkekani. Yeye ni mpishi kwa hoteli moja ya ufuoni, waligoma siku 11 na zote 11 zimekatwa, zilobaki hazifiki hata kodi ya nyumba. Mjomba akasema ati Marekani mtu akikosa kazi hulipwa kila wiki, sasa akigoma je?

Jibu: inategemea yuko jimbo gani, na ni nani alofunga geti.

Hizo pesa zilianza na sheria ya 1935 na kila jimbo lina kanuni zake. Mfuko wenyewe hujazwa zaidi na kodi wanayolipa waajiri juu ya mishahara, na hapo ndipo penye kesi, manake mwajiri husema mwataka niwalishe watu wanaonigomea? Tena hii bima iliwekwa kwa mtu alopoteza kazi bila kupenda kwake, na mgomaji huambiwa kazi yako ipo, ni wewe ulotoka. Kwa hivyo majimbo mengi humnyima.

Lakini mambo yakigeuka, mwajiri ndiye afunge geti ili wafanyikazi wakubali masharti yake, majimbo mengi hulipa, kwa sababu hapo mtu yuko tayari kazi na amezuiliwa mlangoni. Na yule ambaye hakugoma wala hafaidiki na mgomo, ila kazi yake imesimama kwa sababu ya wenzake, mara nyingi naye hupata.

New York wao huwalipa hata wagomaji, ila baada ya kungoja. Mgomo wa kampuni ya simu kule 1971 ulienda miezi 7, wafanyikazi wakalipwa kutoka kwa huo mfuko, kampuni ikashtaki mpaka Mahakama ya Juu na 1979 ikashindwa, majaji wakasema jimbo likitaka kulipa lilipe. Zamani walingoja wiki 7, 2020 zikapunguzwa zikawa 2. Sasa waandishi wa filamu walipogoma 2023, siku 148, wa New York alikuwa na mlango huo na mwenzake wa California hana, mgomo ni ule ule! Bunge la California lilipitisha mswada wa kuwalipa, gavana Gavin Newsom akaukataa, akasema mfuko una deni la karibu dola bilioni 20. Majimbo ya Washington na Oregon yakapitisha sheria zao za kuwalipa wagomaji 2025.

Mimi naona New York wamefikiria sawa, kwa sababu mtu mwenye watoto hawezi kukaa mezani na tajiri wake kwa njaa, atasaini chochote.

Huku Kenya mfuko kama huo hatuna. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yakupa haki ya kugoma, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yasema mkitoa notisi ya siku 7 na kufuata utaratibu hamfutwi kwa kugoma, ila sheria hiyo hiyo yasema mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo hamkufanya kazi. Kwa hivyo zile 11 za dadangu hazirudi. Unga na mafuta ya wiki hizo alikopa dukani, na daftari la mwenye duka bado lina jina lake.