Kabati la pinboli pepe: programu yake inatakiwa kuweza nini

Kabati la pinboli pepe ni sanduku la mbao lenye umbo la mashine halisi ya pinboli: miguu minne, kichwa nyuma, vitufe ubavuni. Ndani yake, hata hivyo, hamna mpira wa chuma. Mahali pa uwanja wa mchezo imelazwa televisheni, kichwani kuna skrini ya pili badala ya kioo chenye michoro, na kompyuta imefichwa chini. Mchezaji anasimama mbele, anabonyeza vitufe kwa mikono miwili, na flipa, vile vijiti vya kurudisha mpira juu, zinaupiga mpira ambao ni hesabu tupu.

Kwa wengi wa Afrika Mashariki pinboli iliingia kupitia kompyuta. Aliyewahi kukaa intaneti kafe enzi za Windows XP huenda anaikumbuka Space Cadet: Z kwa flipa ya kushoto, mkwaju kwa ya kulia, na kile kitufe kirefu cha nafasi unachokikandamiza ili springi ivutike. Mchezo mtamu, lakini uweke ndani ya kabati uone utakavyopwaya. Dirisha ni moja na limelala kwa upana. Springi inapimwa kwa muda uliokandamiza kitufe, si kwa umbali uliouvuta mkono. Na kuitikisa meza, yaani mashine yenyewe, ni kubonyeza X, ambayo haijui kama umebonyeza kwa upole au kwa hasira.

Hapo ndipo dhana yenyewe ilipo. Programu ya kabati hupimwa kwanza kwa inavyopokea na kutoa habari kupitia nyaya, kisha ndipo tuulize kama picha zake zinapendeza. Iko michezo ya pinboli yenye taa na vivuli vya kuvutia mno ambayo ndani ya sanduku la mbao ni video tu.

Programu ambayo wajenzi wengi huanza nayo ni Visual Pinball, iliyotolewa na Randy Davis mwaka 2000 na ambayo siku hizi ni programu huria. Hiyo haiji na mashine moja. Ni karakana ya kutengenezea mashine. Mtu huchora uwanja, huweka kuta, raba, njia za kupanda na flipa, kisha huandika skripti ya kueleza kila kitu kinafanya nini kikiguswa. Meza maelfu zimetengenezwa hivyo na wapenzi wa mchezo, nyingi zikiwa nakala za mashine zilizotoka viwanda vya Chicago: Gottlieb, Bally, Williams.

Mashine hizo za zamani ni za aina mbili, na tofauti yake inagusa programu moja kwa moja. Zile za kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 zilihesabu pointi kwa relei (swichi za umeme), mota na magurudumu ya namba. Hizo skripti huziiga zenyewe. Zilizofuata zina kompyuta ndani, na sheria zote za mchezo zimo kwenye chipu za kumbukumbu. Kwa hizi hakuna haja ya kubuni sheria upya: programu nyingine, PinMAME, inaiga ubongo wa mashine na kuendesha msimbo uleule wa kiwandani, yaani romu.

Chukua Medieval Madness ya Williams, ya mwaka 1997. Mpira wa hesabu unagonga lango la ngome. Visual Pinball, inayojua fizikia tu, inaiambia PinMAME kwamba swichi fulani imefunga. Msimbo wa Williams unaamini uko ndani ya mashine ya kweli. Unaongeza pointi, unaagiza taa hii iwake, solenoidi ile (koili ya sumaku) ivute, maandishi haya yapite kwenye skrini ya nukta. Maagizo yanarudi Visual Pinball, nayo inayatekeleza uwanjani. Mazungumzo hayo yanaendelea bila kukatika muda wote wa mchezo. Yakumbuke, maana ndiyo yatakayoliamsha kabati hapo mbele. (Msimbo huo una wenyewe, na haki zake hazikufa kwa sababu tu mashine imezeeka.)

Sasa skrini. Kabati la kawaida lina tatu: uwanja, kioo cha nyuma, na ile skrini ndogo ya nukta ambayo kwenye mashine za miaka ya 1990 ilikuwa na nukta 128 kwa 32. Programu lazima ijue kuzigawa, kila dirisha mahali pake, na iukumbuke mpangilio huo kila inapowashwa. Lazima pia iuzungushe uwanja nyuzi 90, kwa sababu televisheni imelazwa kwa urefu. Jambo linalosahauliwa zaidi ni jicho la mchezaji. Unapocheza kwenye kompyuta ya kawaida unaangalia skrini iliyosimama. Kwenye kabati umesimama miguuni mwa uwanja, unautazama kwa mshazari kutoka juu. Picha isiporekebishwa, nyumba na njia za kupanda zinaonekana zimelala kama karatasi. Toleo la 10.8 la Visual Pinball linakuruhusu kuandika vipimo vya skrini na mahali kilipo kichwa chako, na skrini inageuka kuwa dirisha unalochungulia ndani. Mashine halisi huinama kiasi cha nyuzi 6.5. Kwenye kabati, mwinamo unaousukuma mpira unatoka kwenye programu, ule wa televisheni ni wa macho tu.

Kasi ya kuitika ndiyo inayoua makabati mengi, na haionekani kwenye picha za matangazo. Mpira ukienda mita 2 kwa sekunde, katika milisekunde 50 umeshasogea sentimita 10, na flipa ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 7.6. Kwa hiyo ukibonyeza kwa wakati wake na televisheni ikachelewa hivyo, mpira umeshaipita flipa nzima kabla hujaiona ikiinuka. Mchezaji hasemi kwamba skrini inachelewa. Anasema hii meza haichezeki. Dawa iko pande mbili. Televisheni iwekwe kwenye hali ya michezo, ambayo huzima usindikaji wa picha, na ikiwezekana iwe ya 120 Hz, ambapo picha mpya inakuja kila milisekunde 8.3 badala ya 16.7 za 60 Hz. Upande wa programu, kuwe na namna ya kuzuia picha zisipange foleni kwenye kadi ya michoro kabla ya kuonyeshwa. Mimi ningechukua televisheni ya rangi hafifu yenye kuitika upesi kuliko ya 4K yenye uvivu, bila kufikiri mara mbili.

Vitufe vya flipa ni kazi rahisi, kompyuta inaviona kama kibodi. Plunja, ule mpini unaovutwa na kuachiwa ili kurusha mpira, ni habari nyingine. Kabati zuri lina plunja ya kweli, chuma na springi, na kihisi kinachopima imevutwa umbali gani. Lakini ikiachiwa inarudi kwa kasi kubwa hivi kwamba kati ya taarifa moja na inayofuata kwenye USB imeshakwisha safari yake. Programu inayosoma mahali ilipo tu itakosea nguvu ya mpigo. Ndiyo maana bodi kama za mradi wa Pinscape hutambua zenyewe tendo la kuachia na kulitafsiri kabla ya kulipeleka.

Kutikisa nako kunahitaji kihisi, akselerometa, kinachoripoti msukumo wa pembeni na wa mbele kwa kiasi chake halisi, si kwa ndiyo au hapana. Programu iupokee msukumo huo na kuusogeza mpira kwa uwiano. Wengine huongeza pendulo ya chuma ndani ya pete, ileile iliyokuwa ikiadhibu wachezaji wa mashine za kweli: ukizidisha inagusa pete na mpira wako umekufa. Napenda kipande hiki cha chuma chenye mamlaka juu ya mpira usiokuwepo. Tatizo ni kwamba akselerometa haijui nani ametikisa. Solenoidi ikipiga ndani ya sanduku, nayo inahesabiwa ni msukumo, na mpira unasogea bila mtu kugusa kitu. Hivyo programu au bodi iwe na kichujio, na kizingiti ambacho chini yake mtikiso unapuuzwa.

Na hizo solenoidi zinafanya nini humo, wakati hakuna flipa za kusukuma? Zinagonga tu. Mashine ya pinboli ni kitu unachokisikia viganjani, na spika peke yake haitoshi. Hapa ndipo yale mazungumzo na romu yanapolipa. Programu iitwayo DirectOutput inasikiliza kila agizo la solenoidi na taa, inatazama faili la mipangilio ya meza hiyo, kisha inawasha kifaa kilichopo kabatini: relei kubwa kwa kugonga kwa flipa, mota yenye uzito wa upande mmoja kwa mtetemo wa ngome ikiporomoka, taa za LED kwa mimweko. Mchezo usiotoa matukio yake nje hauwezi kufanya lolote kati ya hayo, hata uwe umetengenezwa na studio kubwa.

Umeme wa kazi hiyo mara nyingi ni wa volti 24 kupitia transista, na kila koili inahitaji dayodi ya kumeza mshtuko wa kurudi. Zaidi ya hapo, bodi iwe na kikomo cha muda. Kompyuta ikiganda wakati koili imewashwa, umeme unaendelea kupita mpaka koili iungue, nayo imo ndani ya sanduku la mbao.

Asiyetaka nyaya nyingi hivyo ana njia ya spika za kutetemesha, zinazofungwa kwenye mbao penyewe, nne kwenye pembe za sanduku, na kadi ya sauti ya 7.1. Visual Pinball inapeleka kila mlio mahali pake: mpira ukibingirika kutoka juu kushoto kuja chini kulia, mtetemo unausindikiza. Kwa nyumba yenye watoto waliolala, hii ndiyo njia.

Kinachobaki ni programu ya menyu, kama PinballX au PinUP Popper. Kazi yake ni kuorodhesha meza, kuzifungua na kuzifunga kwa vitufe vya kabati pekee, bila kibodi wala dirisha la Windows kuchungulia.

Kuhusu mpangilio wa kazi: televisheni inunuliwe kabla ya mbao. Ya inchi 43 ina picha ya kama sentimita 95 kwa 53.5, wakati uwanja wa kawaida wa Williams ni karibu 107 kwa 51. Yaani picha ni fupi na pana zaidi, na upana wa sanduku utaufuata. Kisha ilaze mezani kama ilivyo, unganisha kompyuta na vitufe viwili, ucheze jioni kadhaa. Ucheleweshaji utakaouona hapo ndio utakaokuwa nao ndani ya kabati.