Je, wajua kwa nini jina la bakteria likijulikana mapema dawa hubadilika?

Mombasa homa ikimpata mtu, jibu la kwanza mtaani ni malaria. Wakati mwingine ni bakteria walioingia kwenye damu. Jirani hapo Kilifi, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na bakteria hao.

Daktari hawezi kungoja. Huchukua damu na kuitia kwenye chupa ya kuoteshea bakteria, kisha huanza dawa kwa kukisia, akichagua inayoua aina nyingi kwa mpigo, kama seftriaksoni. (Aliyekwisha kunywa antibiotiki za kemisti kabla ya kuja huharibu kipimo: bakteria hudhoofika, chupa isioteshe kitu.)

Chupa hiyo ina chakula cha bakteria na hukaa kwenye joto la mwili. Wengi huonekana ndani ya siku moja au mbili. Rangi ya Gram, iliyobuniwa mwaka 1884, huonyesha umbo na kundi lao. Kwa njia ya zamani, jina kamili hungoja waoteshwe tena kwenye sahani, kisha siku nyingine kujua dawa ipi inawaua. Siku hizi mashine ya MALDI-TOF hupima protini zao kwa leza na kutoa jina kwa dakika chache, na kipimo cha PCR husoma chembe za urithi kutoka chupa ileile kwa kama saa moja.

Jina lina uzito. Likiwa Staphylococcus aureus asiye sugu, vankomisini, dawa inayotolewa kwa kuhofia usugu, huachwa kwa flukloksasilini, inayomuua vizuri zaidi. Wakiwa bakteria wa kawaida wa ngozi, tena kwenye chupa moja tu, huenda waliingia na sindano, na dawa husimamishwa.

Lakini jina peke yake halisemi usugu wote; bakteria aina ya E. coli wa wagonjwa wawili wanaweza kuhitaji dawa tofauti. Tena jaribio la Marekani la mwaka 2015 lilionyesha kuwa PCR ilipunguza matumizi ya dawa zinazoua aina nyingi kwa mpigo, na dawa zilipunguzwa upesi zaidi pale mtaalamu wa antibiotiki alipompigia daktari simu. Vifo havikutofautiana. Kwa hiyo hospitali inayonunua mashine iulize kwanza: majibu yakitoka saa nane usiku, nani ataamshwa?