Waraka ukishaskaniwa, karatasi isichomwe

Wengi huamini kwamba waraka ukishaingia kwenye kompyuta, karatasi yake haina kazi tena. Si kweli. Katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zimo barua za Kiarabu za zama za masultani. Picha hubeba maneno yake. Lakini alama ya maji, ile inayoonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga, kwa kawaida haimo. Wala huwezi kupapasa mahali wino ulipokwaruzwa ukaandikwa upya, na hayo ndiyo yanayofichua hati ya shamba iliyoghushiwa. Tena diski huharibika, pengine ndani ya miaka michache, huku karatasi nzuri iliyotunzwa ikivuka karne. Kuskani kunaipumzisha karatasi: msomaji hufungua picha, barua yenyewe ikabaki kabatini bila kushikwashikwa.