Nyumba za mashambani Marekani si lazima ziwe rahisi

Wengi huamini kwamba ukihama jiji la Marekani ukaenda kaunti ya mashambani, utapata nyumba kwa bei nafuu. Mara nyingi ni kweli. Lakini tazama Kaunti ya Teton, Wyoming: takriban asilimia 97 ya ardhi ni ya serikali kuu, na kipande kilichobaki hugombewa na matajiri wanaotaka nyumba za mapumziko. Wafanyakazi wengi hulala Idaho, jimbo jirani, na kuvuka mlima kila asubuhi, hata theluji ikianguka.

Takwimu za sensa ziko wazi mtandaoni. Linganisha kodi ya nyumba na kipato cha kaunti hiyohiyo. Kodi ikizidi asilimia 30 ya kipato, Wamarekani huihesabu kuwa mzigo. Kisha ongeza petroli na gesi ya kupasha nyumba joto.