Kiwanja Bagamoyo: mjue muuzaji kabla ya kulipa

Kila mara mradi wa bandari ya Mbegani, hapa Bagamoyo, unapotajwa kwenye taarifa ya habari, bei za mashamba kuanzia Mapinga hadi Zinga hupanda midomoni mwa madalali. Ilikuwa hivyo mwaka 2013 makubaliano ya ujenzi yalipotiwa saini, ikawa hivyo tena mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kufufua mazungumzo. Katikati hapo mradi ulisimama. Wapo walionunua kwa bei ya bandari na hadi leo wanamiliki vichaka. Kama mthamini, namsihi anayeanza alipe thamani ya eneo lilivyo sasa: barabara iliyopo, umeme uliopo, maji yaliyopo. Bandari ikija, itakuwa faida juu ya faida.

Lakini bei si kitu kinachowaliza watu zaidi. Kinachowaliza ni urithi.

Ardhi nyingi inayouzwa huku ni mashamba ya familia, ya minazi na mikorosho, aliyoyaacha babu. Anayekuuzia huenda ni mtoto mmoja kati ya saba, na wenzake wako Unguja, Tanga au Dar es Salaam, hawana habari. Atakuja na mwenyekiti wa mtaa, majirani wawili na karatasi ya mauziano yenye mhuri, na pesa zitahesabiwa palepale chini ya mwembe. Mhuri ule unaonyesha kwamba watu walishuhudia mauziano. Hauonyeshi kwamba shamba ni lake. Mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba barua yake ya usimamizi, andika namba ya shauri, kisha nenda mwenyewe kwenye mahakama iliyoitoa ukaulize. Halafu watafute warithi mmoja mmoja, hata kwa simu, na saini zao ziwemo kwenye mkataba. Dalali atakwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni na pesa mkononi. Mwache anunue.

Kwa nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Kauli ya "mke wangu anajua" haitoshi, aje asaini.

Kiwanja chenye hati kina njia nyepesi zaidi. Peleka namba ya hati kwa Msajili wa Hati ufanyiwe upekuzi rasmi. Utajua jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna aliyeweka zuio. Kisha nenda uwandani na mpimaji mwenye ramani ya upimaji. Kila kona itafutwe jiwe lake la mpaka, namba iliyo juu ya jiwe isomwe, ilinganishwe na ya kwenye ramani. Si jambo geni mtu kuonyeshwa kiwanja kizuri cha jirani huku hati aliyoshika ni ya kile cha bondeni. Na hilo bonde nenda ukalione wakati wa masika, Machi hadi Mei, hasa upande wa mto Ruvu.

Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: ugawaji unapitia Halmashauri ya Kijiji na kuidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Omba muhtasari wa vikao hivyo. Uliza pia ofisi ya mipango miji ya halmashauri eneo limetengwa kwa matumizi gani. Zinga na Mlingotini kuna ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya eneo maalumu la uwekezaji, na ufukweni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Anayekuuzia "kiwanja cha kugusa maji" anakuuzia mahali usipoweza kujenga.

Ukishajiridhisha, piga hesabu ya kodi utakayopokea kwa wapangaji. Wapangaji wa uhakika Bagamoyo ni watu wa kawaida: wanafunzi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, wa chuo cha uvuvi Mbegani, walimu, wauguzi. Tuseme vyumba vinne vimekugharimu shilingi milioni 40, kila kimoja kinalipa 60,000 kwa mwezi. Mwaka mzima, bila chumba hata kimoja kukaa wazi, ni shilingi 2,880,000, yaani asilimia 7.2 kabla ya matengenezo na kodi za serikali. Kama pesa hiyo umekopa kwa riba ya asilimia 15, kila mwezi utakuwa unatoa mfukoni. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza kujenga kwa akiba, chumba baada ya chumba.

Lipa kupitia benki, mkataba uandikwe na wakili, na tenga fedha ya ushuru wa stempu na ya mpimaji tangu mwanzo. Uhamisho usajiliwe mara moja, maana hati ikibaki kwa jina la muuzaji, benki yake bado inaweza kuishika. Soma pia masharti ya hati: mengi yanataka ujenzi ukamilike ndani ya miezi 36, na kodi ya pango la ardhi inadaiwa kila mwaka hata kama hujaweka tofali.