Jalada la mirathi au la talaka halitafutwi kwa jina la marehemu: namna ya kupata kumbukumbu za mashauri ya familia mahakamani

Kila Wiki ya Sheria inapofika, mwishoni mwa Januari, sisi watumishi wa masjala hutolewa ofisini tukaketi chini ya maturubai ili wananchi watuulize watakacho. Tangu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ianze kuzunguka mikoani mwaka 2023, sehemu kubwa ya wanaofika mbele yangu wanauliza jambo moja: wanataka karatasi za shauri la mirathi au la ndoa lililokwisha zamani, na wameambiwa kwamba hazionekani. Nikiuliza shauri lilikuwa namba ngapi, nahesabiwa watoto wa marehemu. Nikiuliza lilisikilizwa mahakama gani, najibiwa "mahakama ya hapa hapa mjini". Makala haya yanahusu Tanzania Bara, yameandikwa kwa ajili ya elimu ya jumla, na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili wala ya uamuzi wa hakimu kuhusu jalada fulani.

Majalada ya zamani hayakupangwa kwa majina. Shauri lilipofunguliwa, karani aliliandika katika daftari la mashauri kwa kufuata tarehe ya kupokelewa, akalipa namba inayoanza upya kila Januari, kisha jalada likawekwa kabatini kwa namba hiyo na mwaka huo. Kwa hiyo shauri la mirathi namba 87 la mwaka 1998 katika Mahakama ya Mwanzo fulani lina anwani kamili yenye mambo matatu, yaani mahakama, mwaka na namba. Ukikosa namba lakini ukawa na mahakama na mwaka, karani anaweza kupitisha kidole katika daftari la mwaka huo, mstari kwa mstari, na mara nyingi atalipata. Ukikosa mwaka pia, unamtaka afungue madaftari ya miaka 10 kwa ajili ya jina ambalo huenda liliandikwa kwa herufi tofauti na ulivyozoea, au likaandikwa la msimamizi wa mirathi badala ya la marehemu. Hapo jibu la "halionekani" halina uzembe ndani yake, ingawa nakiri kwamba wako wenzetu wanaolitoa kabla hata ya kunyanyuka kitini.

Anwani hiyo aghalabu mnayo nyumbani bila kujua. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hupewa barua ya usimamizi ambayo watu wanaiita Fomu Namba Nne, na juu yake pameandikwa jina la mahakama na namba ya shauri. Nakala yake ilipelekwa benki, ikapelekwa mfuko wa pensheni, ikapelekwa ofisi ya ardhi wakati wa kubadili jina katika hati ya nyumba. Kama iliyokuwa nyumbani imeliwa na mchwa, anza huko. Stakabadhi ya ada, hati ya kuitwa shaurini, tangazo la mirathi lililokatwa gazetini na kuhifadhiwa ndani ya Msahafu au Biblia, vyote hivyo vina namba. Juzi mama mmoja alinieleza kwa nusu saa jinsi alivyozungushwa, na muda wote huo mkononi alikuwa ameshika bahasha yenye hati ya wito ya mwaka 2006, namba ya shauri imepigwa taipu vizuri kabisa kwenye kona ya kulia.

Baada ya namba, jueni mahakama. Mashauri ya ndoa yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, kwa hiyo msishikilie kwamba talaka lazima iko Mahakama ya Mwanzo ya mtaani kwenu. Mirathi inategemea sheria inayotumika: ile inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu, wakati mirathi inayosimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, iko Mahakama Kuu, au Mahakama ya Wilaya kwa mali ndogo. Makazi ya kudumu si mahali alipozikwa. Familia nyingi huenda kupekua mahakama ya kijijini kwa sababu kaburi liko huko, ilhali marehemu aliishi Morogoro miaka 30 na shauri lilifunguliwa Morogoro.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam liko jambo la ziada. Tangu Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki vilipozinduliwa mwaka 2021, kile cha Temeke kimetengewa masuala ya familia, na mirathi na ndoa za mkoa huo hupelekwa huko, ambako ngazi kadhaa za mahakama ziko chini ya paa moja. Shauri la zamani, la kabla ya hapo, litafutwe kwa jina la mahakama ilikofunguliwa, hata kama leo utaelekezwa kwingine kuliona. Wilaya nazo zimegawanywa: aliyeandikiwa "Kinondoni" miaka ya 1990 anaweza kuwa aliishi sehemu ambayo leo ni Ubungo.

Shauri likikatiwa rufaa, jalada halisi huitishwa na mahakama ya juu. Makarani husema "jalada limepanda", na huo ndio ukweli: halipo kabatini, liko Wilayani au Mahakama Kuu, na inawezekana halikurudishwa. Katika hali hiyo, kabla ya kupanda gari, ingieni TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ambako hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani husomwa bure. Hukumu za Mahakama za Mwanzo kwa kawaida hamtazikuta humo. Lakini hukumu ya rufaa karibu kila mara huanza kwa kusimulia shauri lilikoanzia, na katika aya za mwanzo hutaja jina la Mahakama ya Mwanzo pamoja na namba ya shauri la awali. Watu hukimbilia ukurasa wa mwisho kuona nani kashinda, wakaruka kitu walichokuwa wakikitafuta. Nyingi za hukumu hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa marekebisho ya mwaka 2021, ila majalada ya Mahakama za Mwanzo ni ya Kiswahili tangu zamani.

Sasa nifike kwenye talaka, ambako uvumilivu wangu, niseme wazi, hupungua. Wapo wanaokuja kutafuta mahakamani kumbukumbu ya talaka ambayo haijawahi kutolewa na mahakama. Wanayo hati ya Bodi ya Usuluhishi ya Ndoa, kutoka kata, BAKWATA au kanisani, wanaiita talaka, na wameishi nayo hivyo miaka 12. Hati hiyo inasema kitu kimoja tu, kwamba usuluhishi umeshindikana. Ni tiketi ya kufungulia shauri, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya maombi kufunguliwa. Hata talaka iliyotamkwa kwa taratibu za Kiislamu huhitaji mahakama ithibitishe kwamba ndoa imevunjika na itoe amri. Kama baada ya Bodi hakuna aliyekwenda mahakamani, hakuna jalada la kutafuta, na mbele ya sheria bado mna mume na mna mke. RITA, wakala wa Serikali wa usajili, husajili talaka kwa kutegemea amri ya mahakama, haiitoi. Jambo hili limesemwa redioni na kwenye mikutano ya vijiji mara nyingi mno, na bado kila mwezi napokea mtu aliyekwisha kufunga ndoa nyingine kwa kutegemea karatasi ya kata.

Ukishajua jalada liko wapi, andika barua kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama hiyo. Itaje namba, mwaka, majina ya wahusika kama yalivyoandikwa shaurini, wewe ni nani katika shauri hilo, na unachoomba, maana kukagua jalada ni ombi moja na kupewa nakala ni jingine. Nakala nazo hutofautiana: hukumu, mwenendo wa shauri (maandishi ya yaliyosemwa shauri likisikilizwa), amri, na kwa mirathi fomu zilizomo. Sema unataka ipi na kama iwe imethibitishwa kwa muhuri, kwa sababu benki na ofisi ya ardhi hazipokei fotokopi tupu. Ombi likikubaliwa utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, utalipa benki au kwa simu, na utarudi na stakabadhi. Hakuna hatua hata moja ambapo fedha inapita mkono kwa mkono. Anayekungoja chini ya mwembe na kusema anamjua karani ni kishoka, na nakala atakayokuletea inaweza kukupeleka mahakamani kama mshtakiwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka kifungo cha miaka 7 kwa kughushi hati ya kiofisi, kwa wosia kifungo kinaweza kufika maisha, na anayewasilisha hati huku akijua ni ya kughushi huadhibiwa kama aliyeighushi. Anayekula kiapo cha upotevu wa barua ya usimamizi ilhali anajua iko kwa mdogo wake waliyegombana naye, naye ajue kwamba kusema uongo chini ya kiapo kuna kifungo cha hadi miaka 7.

Mdaawa, yaani aliyekuwa upande katika shauri, hana shida ya kueleza kwa nini anataka nakala. Mrithi ambaye hakuwa mwombaji naye anasikilizwa, na kwa kweli ndiye anayestahili kuja zaidi, kwa sababu msimamizi anatakiwa ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa awasilishe orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba Tano, kisha hesabu za mgawanyo kwa Fomu Namba Sita. Fomu hizo ziko ndani ya jalada. Ndugu wanaweza kugombana miaka juu ya nyumba ambayo msimamizi aliiandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye Fomu Namba Tano, au ambayo hakuiandika kabisa, na kuliko kupigiana simu za matusi ni afadhali mmoja wao aje asome. Akikuta fomu hizo hazipo, hilo lenyewe ni jambo la kumweleza hakimu, kwani usimamizi unaweza kutenguliwa.

Mtu wa nje aeleze maslahi yake, na hakimu anaweza kukataa. Mahakama kuketi kwa uwazi hakumpi jirani ruhusa ya kusoma ushahidi wa unyumba wa watu wengine, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tunakuwa waangalifu zaidi. Mashauri ya Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, husikilizwa faragha, na kumbukumbu zake hazitolewi kwa kila aombaye. Msituombe jalada la kuasili mtoto kwa sababu tu mnataka kujua "mtoto huyu katoka wapi".

Kwa anayetafuta nakala ili akate rufaa, nitaje kosa moja linalogharimu watu haki zao. Rufaa ya mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30, na kuambatanisha nakala ya hukumu si sharti la kuipokea. Msikae kungoja nakala ichapwe mpaka siku zikaisha. Wasilisheni sababu za rufaa, jalada litaitishwa.

Na kama baada ya yote hayo jalada kweli halionekani, ombeni mjibiwe kwa maandishi. Mahakama inaweza kuagiza jalada liundwe upya kutokana na nakala zilizo mikononi mwa wahusika, na hapo ndipo ile fotokopi iliyochakaa inapata thamani. Ileteni kama ilivyo. Wengi huipeleka kwanza duka la stesheneri ikawekewe plastiki ya moto ili isichanike zaidi, na wino wa muhuri ukiwa mkavu na hafifu, tukiinua karatasi hiyo kwenye mwanga wa dirisha hatuoni tena ni mahakama gani.