Rangi za vuli Lake District haziji Septemba

Wengi wanaopanga kwenda Lake District, eneo la maziwa na vilima kaskazini-magharibi mwa Uingereza, hukata tiketi za Septemba wakiamini kuwa vuli, yaani msimu wa majani kupukutika, ikianza tu, misitu yote imeshageuka dhahabu. Sivyo. Kalenda ina yake, na miti ina yake.

Jani hubadilika pale siku zinapofupika na baridi kuingia: mti huacha kutengeneza klorofili, ile ya kijani, na umanjano uliokuwamo tangu mwanzo ukaonekana. Eneo hili liko karibu na bahari, hivyo baridi yake huchelewa. Wanaotangulia ni makangaga ya vilimani, yanayogeuka rangi ya kutu. Mialoni ya bonde la Borrowdale kwa kawaida hung'aa mwishoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Larchi, jamii ya msonobari inayopukutisha majani, hufunga msafara.

Na msikimbie mawingu, tafadhali! Panda kilima cha Catbells, mita 451 tu, alfajiri ya baridi baada ya usiku mtulivu. Ukibahatika utakuta ukungu umelala juu ya ziwa Derwentwater nawe uko juu yake. Jua kali la mchana haliwezi kukupa picha hiyo.

Ila kuwa mwangalifu na saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja, na kuanzia hapo jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Beba tochi ya kichwani na koti la mvua, hata kama asubuhi anga ni jeupe.